Je, Wajua? Oprah Kati ya Kitabu na Kamera

Je, wajua kwamba Oprah Winfrey hakupewa jina la Oprah? Alipozaliwa Mississippi mwaka 1954 aliitwa Orpah, kama yule mkwe wa Naomi katika Kitabu cha Ruthu. Ndimi za watu zikapindua herufi, na hivyo likabaki.

Lisome jina Oprah kinyumenyume: Harpo. Ndilo jina la kampuni yake ya utayarishaji, na ndilo jina la mume wa Sofia katika The Color Purple, riwaya ya Alice Walker ya 1982. Katika filamu ya 1985, Sofia ni Oprah mwenyewe! Hakuwa ameigiza filamu hata moja. Quincy Jones, mtayarishaji wa filamu hiyo, alimwona tu kwenye televisheni akiwa Chicago. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo 11 za Oscar, yeye akiwamo. Ikarudi mikono mitupu.

Je, wajua kwamba Kiswahili kimo humo? Sehemu za hadithi zinazotokea Afrika zilipigwa picha Kenya, na wimbo mmoja wa filamu unaitwa "Katutoka Corrine". Wewe huhitaji mkalimani: Corrine, mke wa mmisionari, kafariki. Kinachochekesha ni kwamba katika riwaya wamisionari hao wanapitia Monrovia, upande mwingine kabisa wa bara. Hollywood haikujali umbali huo, nasi tukapata wimbo.

Kisha ikaja Beloved, riwaya ya Toni Morrison. Oprah alinunua haki zake, akahangaika nazo karibu miaka kumi, hadi 1998 akacheza katika filamu yake kama Sethe, mama aliyemuua mtoto wake asirudishwe utumwani. Kisa hicho kimechotwa kwa Margaret Garner, aliyetoroka Kentucky mwaka 1856. Filamu ilitoka wikiendi moja na Bride of Chucky, sinema ya mwanasesere muuaji, na mwanasesere akaishinda kwa mauzo. Katika Marekani nzima, Beloved haikuingiza hata dola milioni 23. Oprah amesimulia kwamba majonzi yake aliyamalizia kwenye makaroni na jibini. Kwa maoni yangu, hakuna kazi yake nyingine iliyokifuata kitabu kwa uaminifu kama hii, na pengine ndiyo sababu watazamaji waliikimbia.

Televisheni ilimpokea vizuri zaidi. Mwaka 1989 alitayarisha The Women of Brewster Place kutoka riwaya ya Gloria Naylor, akaigiza pia. Mwaka 2005 ikafuata Their Eyes Were Watching God, riwaya ambayo Zora Neale Hurston aliiandika Haiti kwa wiki saba tu. Nani aliyelisaka kaburi la Hurston huko Florida mwaka 1973 na kuliwekea jiwe? Alice Walker yuleyule.

Na je, wajua? The Color Purple ilirudi 2023 kama filamu ya nyimbo, Oprah akiwa mtayarishaji. Danielle Brooks, Sofia mpya, naye akateuliwa kuwania Oscar. Naye pia akaikosa.