Sahani za Nevers na watakatifu somo

Katika makumbusho ya Ufaransa ziko sahani nyeupe za zamani, zenye picha ya mtakatifu katikati, na chini yake jina la mtu pamoja na mwaka. Nyingi zilifanyizwa Nevers, mji ulio kando ya mto Loire. Chombo cha namna hiyo huitwa fayansi, kwa sababu ya mji wa Faenza katika Italia; nao Waitalia ndio walioleta ufundi huo Nevers katika karne ya 16.

Sahani huchomwa kwanza mpaka iwe ngumu, lakini ingali inakunywa maji kama chungu chetu. Halafu fundi huchoma risasi na bati ziwe unga, huuyeyusha pamoja na mchanga na magadi, husaga kioo hicho, hukikoroga katika maji, na kuichovya sahani humo. Bati ndiyo inayotia weupe, bati kama ile iliyochimbwa kwetu Manono. Risasi iliwaumiza wasagaji: matumbo yaliwasokota, mikono ikalegea. Juu ya ngozi hiyo kavu mchoraji hupaka rangi, nayo hunywewa mara moja; hakuna kufuta. Kobalti hutoa buluu, manganezi zambarau, antimoni manjano. Kisha sahani hurudi tanuruni.

Zamani wakubwa walikula katika feza. Lakini mwaka 1689, na tena 1709, vita vilimaliza mali ya mfalme Louis XIV, vyombo vya feza vikayeyushwa, wakubwa nao wakageukia udongo. Baadaye bei ikashuka. Katika karne ya 18 hata mwenye mashua au mlima mizabibu aliweza kuagiza sahani ya somo wake. Bibi na bwana waliwekewa watakatifu wawili, bega kwa bega. Hiyo haikuwa ya kulia chakula kila siku, ilitunzwa mahali pa kuonekana. Mwenye kutaka kujua wakristu wale walivyoyapenda majina yao ya ubatizo, mimi ningemtuma huko kwanza, kabla ya vitabu vya hotuba.

Yalipokuja Mapinduzi ya 1789, wachoraji wa Nevers walichora fimbo ya askofu, upanga na jembe pamoja: mapadri, wakubwa na raia katika umoja. Miaka michache tu, fimbo ikaondolewa katika picha.

Lakini tanuru zilikwisha kupata pigo lingine. Mapatano ya biashara ya mwaka 1786 yaliwafungulia Waingereza mlango, wakaleta vyombo vyao vyepesi, vigumu, vya bei ndogo, na tanuru nyingi za Ufaransa zikazimika.