Taa Nyekundu ya Kijiko: Pima Waya Kabla ya Kununua Sensa

Na Bwana Shamba

Februari ni mwezi wa haraka kwa mkulima wa mpunga wa Unguja. Mvua za masika huanza Machi. Kabla ya hapo mifereji iwe imesafishwa na matuta yawe yamesimama. Wakulima wa Cheju, Kibokwa na Mtwango wanalijua jambo hili vizuri.

Katika bonde moja ninalolihudumia, wakulima walichangishana fedha wakakodi kijiko. Kijiko ni ile mashine ya kuchimba yenye mkono mrefu. Wengine huiita katapila. Mashine hii haikuwa mpya. Ilikwisha fanya kazi miaka mingi Japani, ndipo ikauzwa huku.

Siku ya tatu ya kazi taa nyekundu iliwaka. Alama yake ilikuwa kopo la oili. Opereta alizima injini mara moja. Alifanya vyema, kwani injini isiyopata oili huweza kufa kwa dakika chache tu. Mfereji ulikuwa umefika nusu.

Mwenye mashine alileta sensa mpya. Taa ikawaka tena. Akaleta ya pili, na safari hii akawataka wakulima wachangie bei yake. Taa ikawaka tena. Siku tisa zikapita. Wazee wakawa wanatazama mawingu.

Sensa ni nini?

Sensa ninayoisema hapa si ile ya kuhesabu watu, tuliyohesabiwa mwaka 2022. Ni kifaa kidogo kama kidole gumba, kinachofungwa kwenye injini. Kazi yake ni kupima. Ipo sensa ya presha ya oili. Ipo ya joto la maji ya rejeta. Ipo ya mzunguko wa injini.

Mashine za zamani hazikuwa na mambo haya mengi. Kuanzia miaka ya 1990, Marekani, nchi za Ulaya na Japani ziliweka sheria za kupunguza moshi wa mashine za ujenzi. Watengenezaji wakatia kompyuta ili iongoze dizeli. Lakini kompyuta haina macho. Macho yake ni sensa.

Sensa nyingi za presha zina nyaya tatu. Waya wa kwanza huleta umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Wa pili hurudisha habari. Wa tatu ni athi, yaani njia ya umeme kurudi. Mambo yakiwa sawa, waya wa habari huwa na volti baina ya nusu na nne na nusu. Ikizidi au ikipungua hapo, kompyuta hujua kuwa habari hiyo si ya kuaminika. Huwasha taa na kuandika namba ya kosa.

Namba hii ndiyo inayowapoteza watu. Katika mashine nyingi, ingawa si zote, huwa ni namba mbili. Ya kwanza hutaja mahali: 100 ni presha ya oili, 110 ni joto la maji. Ya pili hutaja namna ya kosa. Kwa presha ya oili, 1 maana yake presha imeshuka mno, basi usiwashe injini. Ikiwa 3, volti imepanda kupita kiasi. Ikiwa 4, volti imeshuka kupita kiasi. Hizi mbili za mwisho ni habari za umeme.

Kijiko chetu kiliandika 100 na 3. Mwenye mashine alisoma 100 tu, akaenda dukani.

Fundi wa Darajani

Mimi nilisomea mbolea na magugu. Mambo ya volti sikufundishwa chuoni. Nilitumwa mjini, Darajani, nikatafute sensa ya tatu. Duka la kwanza halikuwa nayo. Nikaelekezwa kwa kijana anayetengeneza simu na redio, kwamba huenda akajua nani anayo.

"Shikamoo, Bwana Shamba," alisema baada ya kunisikiliza. "Mmeshapima waya?"

"Marahaba. Hatukupima."

"Basi msinunue kitu."

Akanieleza kwa mfano wa pale pale tuliposimama. Darajani paliitwa hivyo kwa sababu ya daraja. Zamani mkono wa bahari ulitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla ya kufukiwa. "Kama daraja limevunjika," alisema, "barua ya Ng'ambo haifiki mjini. Sasa mtampiga aliyeiandika?"

Kesho yake tulipanda naye daladala, testa yake mfukoni. Testa ni mita ndogo ya kupimia umeme.

Kwanza hakugusa umeme. Alitazama oili kwa kijiti chake. Kisha akamwomba fundi wa mashine afungue sensa, afunge mahali pake geji ya kawaida, ile ya mshale. Injini ikawashwa. Geji ikasoma bari 4. Opereta akafungua kitabu cha mashine, tukaona kiasi hicho kinatosha. Hatua hii isirukwe hata siku moja. Namba ya umeme haikuhakikishii kwamba injini ni nzima. Siku mambo mawili yakiharibika pamoja, geji ndiyo itakayokuambia.

Kisha injini ikazimwa, swichi ikaachwa imewashwa. Soketi ya sensa ikachomolewa. Kijana akapima baina ya pini ya umeme na hasi ya betri. Volti 5. Akapima tena baina ya pini ile ile na pini ya athi. Mita ikasoma karibu na sifuri. Hapo alicheka. Umeme ulikuwa unakuja, lakini njia ya kurudi haikuwapo. Sensa zote tatu, ile kuukuu na zile mbili mpya, hazikuwa na kosa.

Tulifuata waya ule kwa mkono. Chini ya ngazi ya opereta palikuwa na mahali ambapo mtu zamani aliuunga, akauzungushia utepe. Tulipobandua utepe, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Hiyo ni kazi ya chumvi. Mashine hizi huja kwa meli, na hapa kisiwani hata upepo una chumvi. Kijana alikata sehemu mbovu, akalehemu kipande kipya, akakifunika kwa mpira unaojibana kwa moto. Taa ikazimika.

Wakati akikusanya vitu vyake alituonya. Tusitoboe waya kwa sindano ili tupime, kwani tundu hilo huingiza maji. Tusipime kwa balbu, maana balbu huvuta umeme mwingi na huweza kuua kompyuta. Kabla ya kuchomelea chuma cha mashine, nyaya za betri zitolewe. Na kosa linalokuja na kuondoka, mtu mmoja atikise waya huku mwingine akitazama mita. La panya naongeza mimi, maana hilo ni la fani yangu: mashine ikilala karibu na mpunga, kagueni nyaya kila asubuhi.

Kijiko kilichimba siku tano zaidi. Maji yaliingia mferejini wiki ya pili ya Machi. Baada ya kikao kirefu mbele ya sheha, mwenye mashine alirudisha michango ya ile sensa ya pili. Sensa zote mbili zimo ndani ya kopo la maziwa katika boksi la vifaa. Opereta ameliandika kwa rangi: NZIMA.