Jitu Limesimama, Roboti Imesimama: Upatanisho wa Kisarufi na Fasili ya Utanzu wa Majitu ya Chuma ya Kijapani

Mazinger Z, jitu la chuma lililotokea katika televisheni ya Japani mwezi Desemba 1972, lina kimo cha mita 18. Gundam, iliyotokea Aprili 1979, nayo ina kimo cha mita 18. Yote mawili yana umbo la binadamu, yanaendeshwa na kijana aliyeketi ndani, na yanapambana na maadui wa chuma. Hata hivyo, watazamaji na wahakiki wa filamu za katuni za Kijapani huyaweka katika vipera viwili: Mazinger katika kipera cha roboti kuu, Gundam katika kipera cha roboti halisi. Fasili inayoanzia kwenye ukubwa, ambayo ndiyo hupatikana katika maelezo mengi mafupi, inakwama papo hapo.

Neno roboti lenyewe halisaidii sana. Lilienea kutokana na tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Roboti wa Čapek ni watumwa wa kiwandani ambao hatimaye wanaasi. Mazinger haliasi, kwa kuwa halina nia yake lenyewe. Bila Koji Kabuto kichwani mwake ni chuma kitupu. Kabla yake palikuwa na Tetsujin 28-go, aliyeanza kuchorwa na Mitsuteru Yokoyama mwaka 1956. Huyo huongozwa kutoka mbali kwa kidhibiti kilichoko mikononi mwa mvulana Shotaro, na kidhibiti kikiibwa, jitu humtumikia mwizi kwa utiifu uleule. Go Nagai alipomwingiza kijana ndani ya kichwa cha jitu, alizaa utanzu mpya, maana tangu hapo mwenye chombo na chombo chake wakawa mwili mmoja.

M. M. Mulokozi, alipoainisha tanzu za fasihi simulizi katika Mulika 21 (1989), alitumia vigezo viwili: umbile na tabia ya kazi, pamoja na muktadha na namna ya uwasilishaji wake. Kigezo cha pili kinafaa hapa kuliko mtu angedhani. Koji hutaja silaha kwa sauti kuu kabla ya kuitumia, na ngumi ya Mazinger huruka baada ya jina lake kutamkwa. Kwa jicho la vita hiyo ni ajabu, kwani ni nani anayemtangazia adui pigo lijalo? Kwa jicho la fasihi simulizi si ajabu hata kidogo: ni majigambo, na majigambo hutangulia pigo. Katika Gundam, Amuro Ray anajifunza kuendesha chombo chake huku akiwa na kitabu cha maelekezo mkononi. Risasi humwishia, na adui ana vyombo aina ya Zaku vilivyotengenezwa kiwandani kwa wingi, kimoja sawa na kingine. Hakuna anayejigamba kwa chombo ambacho jirani yake anacho pia.

Ulinganisho na Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, unaonyesha tofauti nyingine. Nguvu za Liyongo na udhaifu wake vimo katika mwili mmoja, ndiyo maana siri ya kuomba ni mahali pa kumchoma, yaani kitovu. Shujaa wa roboti kuu ana mwili wa kuazima, tena aghalabu wa kurithi. Mazinger ni kazi ya babu yake Koji, naye katika hadithi ya picha ya Nagai anamwambia mjukuu kwamba kwa mwili huo anaweza kuwa mungu au shetani. Swali la utanzu huu, basi, ni moyo wa aina gani umeingia ndani ya mwili huo.

Aya ya kwanza ya makala haya imetumia li- kwa Mazinger na i- kwa Gundam. Kiswahili hakimruhusu msimulizi kukwepa uamuzi huo. Kijapani hutofautisha chenye uhai na kisicho na uhai katika vitenzi vya kuwapo, iru na aru, lakini vitenzi vingine havibadiliki. Katika Kiswahili kila kitenzi humlazimisha msimulizi kuchagua. Akisema “imesimama”, ametaja chombo, kama gari au ndege. Akisema “amesimama”, ametaja mhusika. Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba roboti kuu ni ile ipatanayo na a-, na roboti halisi ni ile ipatanayo na i-.

Kipimo hicho kinapofikishwa Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, kinaonyesha kasoro yake. Lugha ya Waha iko katika kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda, na katika lugha za kundi hili majina ya wanyama hufuata upatanisho wa ngeli ya umbo lake, hata kama kitajwacho kina uhai. Mbwa hupatana kwa ngeli yake, si kwa ngeli ya watu. Mazoea hayo huingia katika Kiswahili cha bara, na “mbwa inakula” ni sentensi ambayo walimu wamechoka kuisahihisha. Mwanafunzi wa Kibondo akiandika “roboti imemwokoa mtoto”, haiwezekani kudai kwamba ameliona jitu kama mashine tu. Huenda ameliona kama kiumbe kamili na kulipa upatanisho ambao lugha yake ya kwanza humpa kiumbe yeyote asiye mtu. Mhakiki atakayekusanya data ya mapokezi shuleni bila kujua hili atahesabu sarufi ya Kiha kama hukumu ya kifasihi.

Kinachobaki imara mahali hapo ni ukuzaji. Kiswahili humtoa mtu katika ngeli yake na kumfanya jitu, naye hupata li-. Zimwi ni hai, linasema, linakula, na bado methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hiyo li- ni ya kiumbe kilichozidi kiasi cha utu, cha kutisha hata kinapokuwa rafiki. Kirundi hufanya jambo lilelile kwa njia nyingine: umugabo, mwanamume, akikuzwa huwa ikigabo, na hupatana na ki-. Umbo linatatanisha kidogo, kwa kuwa ki- hiyohiyo katika Kiswahili sanifu hudunisha, kama katika kijitu. Kambi ya Nyarugusu, iliyoko Kasulu tangu 1996, inaongeza Kiswahili cha Kongo, ambacho hudunisha kwa ka- na tu-. Viambishi vinagongana, lakini tendo la kumwondoa mtu katika ngeli ya watu ili kuonyesha kwamba amezidi linaeleweka kwa Muha na Mrundi vilevile.

Kwa sababu hiyo istilahi “jitu la chuma” inafaa kuliko “roboti kuu”, ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno. Imepingwa kwa hoja kwamba jitu lina harufu ya uovu, ilhali Mazinger ni mwokozi. Hoja hiyo ni dhaifu. Maneno ya babu kuhusu mungu na shetani yanadai neno lenye harufu hiyo hasa, na neno safi lingeupoteza utanzu. Jitu la chuma, kwa fasili hii, ni mwili wa pekee, wenye jina, uliorithiwa au kukabidhiwa, unaotenda kwa sauti ya mtu aliye ndani yake, na ambao Kiswahili hakiwezi kuusimulia kwa muda mrefu kwa i- bila kuupunguza.

Jina la kazi halitoshi kuamua. Mfululizo wa Gundam wa mwaka 1994, ambamo wapiganaji hutaja mapigo yao kwa kelele, ni wa majitu ya chuma japo unabeba jina lililoasisi kipera kingine. Neon Genesis Evangelion ya mwaka 1995 ni ngumu zaidi. Eva hupata umeme kwa waya mrefu, na waya ukikatika ina dakika tano tu. Hiyo ni roboti halisi kwa kila kigezo. Lakini Eva huvuja damu, hunguruma, na ndani ya ile ya Shinji imo roho ya mama yake. Mfasiri atakayeanza na “Eva imewashwa” atafika mahali rubani amezimia, waya umekatika, na mwili ule unainuka wenyewe, naye atalazimika kuandika ama “limeamka” ama “ameamka”.