Kilokalori 240: Hesabu ya Chakula cha Paka kwa Siku

Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia vina kilokalori 240 hivi. Paka wa kilo 4 aliyehasiwa, anayeshinda ndani akilala juu ya kabati, hahitaji zaidi ya hapo kwa siku nzima. Kupumua, kuupasha mwili joto, kupanda ukuta na kumvizia mjusi, vyote vimo humo. Kipimo hicho kikishakukaa kichwani, bakuli la paka unaanza kulitazama kwa jicho jingine. Kikombe cha mililita 200 cha maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta kina kilokalori 130 hivi. Mwenye nyumba anaona amemwonjesha tu, kumbe keshampa zaidi ya nusu ya posho ya siku na chakula chenyewe bado hakijaiva.

Ndiyo maana anayeuliza "nimpe vijiko vingapi?" inabidi kwanza aulizwe: vijiko vya nini? Gramu 100 za chakula kikavu cha dukani, zile punje, huwa na kilokalori kati ya 340 na 400. Gramu 100 za chakula cha kopo, ambacho robo tatu yake au zaidi ni maji, huwa na 70 hadi 110. Wali mweupe uliopikwa una 130. Kuku wa kuchemsha aliyevuliwa ngozi ana 150 au zaidi kidogo. Anayehama kutoka kopo kwenda kwenye punje bila kupunguza uzito wa mlo humwongezea paka wake nishati karibu mara nne, na asijue lolote mpaka tumbo lianze kuning'inia.

Hesabu yenyewe huanzia kwenye mizani. Watu wengi humpakata paka, wakapanda mizani ya bafuni, wakamweka chini, wakapanda tena na kutoa. Njia hiyo si mbaya, ila mizani ya watu wazima hukosea kwa gramu 100 au 200 bila aibu, na kwa mnyama wa kilo 4 kosa hilo si dogo. Afadhali umtie kwenye kikapu chenye kifuniko umpeleke kwa muuza nafaka jirani. Atacheka, lakini mizani yake inampatia riziki, kwa hiyo huwa inasoma vizuri. Mizani ya kliniki ya watoto ingefaa zaidi, tatizo ni kumshawishi muuguzi.

Ukishapata uzito, shika simu yenye kikokotoo. Zidisha uzito kwa uzito kwa uzito: 4 × 4 × 4 ni 64. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, unapata 8. Tafuta tena kipeuo cha pili cha 8, unapata 2.83. Zidisha kwa 70 na jibu ni 198. Hizo ndizo kilokalori ambazo paka huyo huzitumia akiwa ametulia tu, moyo unadunda na mapafu yanafanya kazi. Kwa maisha ya kawaida, madaktari wa mifugo huzidisha jibu hilo kwa 1.2 ikiwa paka amehasiwa au ametolewa kizazi, na kwa 1.4 ikiwa bado. Tofauti hiyo ina sababu: baada ya upasuaji matumizi ya nishati hushuka huku hamu ya kula ikipanda, na bakuli lile lile la jana linakuwa kubwa mno. Mtoto wa paka anayekua huhitaji mara mbili na nusu ya kiwango cha kutulia. Mama anayenyonyesha mwachie chakula mbele yake mchana na usiku, aamue mwenyewe.

Vipeuo hivyo viwili vilitokana na utafiti wa Max Kleiber, mwanasayansi mzaliwa wa Zürich aliyehamia California. Mwaka 1932 alilinganisha matumizi ya nishati ya wanyama kuanzia njiwa na panya hadi ng'ombe, akaona kwamba nishati haipandi sambamba na uzito. Inapanda polepole zaidi, kwa kipeo cha robo tatu. Kilo moja ya panya huunguza nishati nyingi kuliko kilo moja ya ng'ombe. Ndani ya jamii ya paka pia ni hivyo: paka wa kilo 3 akitulia hutumia kilokalori 160, na wa kilo 6 hutumia 268, wala si 320.

Ila hapo pana mtego, na ndipo wengi wanaponasa. Paka wa kawaida wa mtaani kwetu akifika kilo 6 mara nyingi si kwamba ana mifupa mikubwa, amenenepa. Mafuta ya mwilini hayaunguzi nishati kama msuli. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, liliwatenga paka wenye umbo zuri na wanene, kila kundi likapewa fomula yake. Ukizifuata, paka mwenye umbo zuri wa kilo 4 anatoka na kilokalori 253, na mnene wa kilo 6 anatoka na 266. Kilo mbili nzima zimeongezeka, na mahitaji yameongezeka kwa kilokalori 13, sawa na punje za kujaza kiganja cha mtoto. Kwa hiyo anayemlisha paka mnene kwa kufuata uzito alio nao leo anaulisha unene wenyewe. Hesabu ifanywe kwa uzito anaopaswa kuwa nao.

Sasa tuzigeuze kilokalori kuwa gramu. Baadhi ya mifuko huandika nishati waziwazi, mingine huandika tu asilimia za protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Zijumlishe zote, utoe kwenye 100. Kinachobaki ni wanga. Kisha kila gramu ya protini ihesabie 3.5, ya mafuta 8.5, ya wanga 3.5. Tuseme mfuko una protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, majivu 8 na unyevu 9. Wanga ni 36, na gramu 100 zina kilokalori 340. Paka wetu wa kilokalori 240 atapata gramu 70 kwa siku. Tatizo kubwa ni kile chakula cha kupimiwa kwa kilo, kinachotiwa kwenye mfuko usio na maandishi yoyote. Huyo mwombe muuzaji akuonyeshe gunia kilikotoka, upige picha maandishi.

Na pima kwa mizani ya jikoni, usitumie kikombe. Gramu 10 za ziada ni punje chache ambazo jicho halizioni, lakini kwa paka wa gramu 70 ni nyongeza ya asilimia 14 kila siku inayopita.

Nyumba nyingi, hata hivyo, hazina mfuko wa punje. Paka hula kilichobaki sufuriani, ugali uliovurugwa na dagaa au wali wenye mchuzi. Hapa nadhani kujaza kilokalori ni rahisi mno. Penye kazi ni kwenye kile kinachozijaza. Mwili wa paka umejengwa kwa nyama. Watafiti waliochunguza milo ya paka wanaojitafutia porini walikuta karibu asilimia 52 ya nishati yao inatoka kwenye protini, 46 kwenye mafuta, na 2 tu kwenye wanga. Utamu wa sukari hawausikii kabisa: mwaka 2005 wanasayansi wa kituo cha Monell huko Philadelphia walieleza kwamba jeni moja ya kuonja utamu imeharibika kwa paka wote. Ukimwona anaramba ugali wako kwa bidii, kinachomvuta ni mchuzi.

Kuna kiambata kiitwacho taurini ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza cha kutosha, hivyo lazima kitoke kwenye nyama au samaki. Mwaka 1975 ilionekana kwamba paka wanaokikosa huharibika retina na kupofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake huko California walionyesha kwamba ukosefu huo huo hutanua moyo mpaka ukashindwa kusukuma damu, na kwamba wengi hupona wakirudishiwa taurini. Baada ya hapo viwanda vikaongeza kiasi chake kwenye chakula. Ugali hauna taurini hata chembe. Tena taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukimchemshia paka vichwa vya samaki, supu yake usiimwage, ipoze umpe.

Paka wa Forodhani au wa vichochoro vya Lamu, anayeishi kwa matumbo na vichwa vya samaki, kwa jambo hili hula vizuri kuliko paka wa bara anayeshindiliwa ugali, ijapokuwa hakuna anayempimia. Bado samaki wana masharti yao. Baadhi wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiua, basi wapikwe. Samaki wa mafuta mengi kila siku bila kitu kingine humkosesha vitamini E. Nyama tupu isiyo na mfupa haina kalsiamu ya kutosha, na watoto wa paka wanaokuzwa kwayo huvunjika mifupa. Dagaa mzima, na miiba yake laini, anasaidia hapo. Ini mpe mara mojamoja, kwani vitamini A ikizidi hugandisha mifupa ya shingo. Mchuzi uliokaangiwa vitunguu usimpe kabisa, maana kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Kama mlo wake mkuu ni wa dukani uliokamilika, vya jikoni visizidi sehemu moja ya kumi, yaani kilokalori 24 kwa paka wetu. Yai moja la kuchemsha lina 75 hivi. Theluthi yake inatosha.

Kuhusu saa za kula, panya mmoja mdogo ana kilokalori 30 hivi, kwa hiyo paka anayejitafutia huhitaji kama wanane kwa siku, na hawanasi kwa mpigo. Tumbo lake limezoea milo midogo mingi. Akikulilia saa moja baada ya kula, usikimbilie kudhani ana njaa. Gawa zile gramu 70 mara tatu au nne na jumla ibaki pale pale.

Baada ya wiki mbili, jibu la hesabu lipimwe kwa mkono. Paka wawili wa uzito mmoja, umri mmoja na nyumba moja huweza kutofautiana sana katika kutumia nishati, na fomula haijui hilo. Mwaka 1997 Dottie Laflamme, daktari wa mifugo wa Marekani, alichapisha kipimo cha umbo la paka cha alama 1 hadi 9, ambapo 5 ndiyo nzuri. Pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza. Ukihisi mbavu kirahisi chini ya mafuta membamba na ukaona kiuno ukimtazama kwa juu, umepatia. Ukilazimika kuzitafuta mbavu, punguza asilimia 10. Zikijitokeza zenyewe, ongeza, na kama bado anakonda ilhali anakula, mpeleke kwa daktari akaangaliwe minyoo, figo na tezi ya shingoni.

Kumpunguza paka mnene ni kazi ya taratibu. Paka aliyenenepa akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini kwa wingi kuliko linavyoweza kuyashughulikia, naye anaweza kufa. Kumshindisha njaa, basi, hapana. Chukua yule wa kilo 6 ambaye alipaswa kuwa na kilo 4 na nusu. Kwa uzito huo wa pili kiwango cha kutulia ni 216. Zidisha kwa 0.8, unapata kilokalori 173, sawa na gramu 51 za punje za mfano wetu, tena daktari wa mifugo akijua. Akipungua gramu 60 kwa wiki ni mwendo mzuri, na kilo moja na nusu itachukua wiki 25. Wiki nne zikipita na mizani haijasogea, kabla ya kupunguza chakula zaidi, piga hodi kwa jirani umuulize kama naye ana paka anayefanana na wako.