MABAKI YA VITAMBAA NI MALI YA CHAMA



Katika vyama vyetu vya ushonaji, na hata katika vyama vya mazao vilivyoanzisha kikundi cha cherehani kwa ajili ya akina mama, kuna gunia moja ambalo aghalabu halimo katika daftari lolote. Ni gunia la mabaki: vipande vilivyokatwa kwenye shingo na makwapa, ncha za majora, masalio ya sare za shule. Fundi mmoja huchukua kidogo akashikie sufuria, mwingine humpa jirani, na kinachosalia huchomwa moto siku ya usafi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mabaki hayo yanavyoweza kushonwa yakawa bidhaa, na jinsi bidhaa hiyo ipasavyo kuhesabiwa, kwa maana kushona bila kuhesabu huzaa ugomvi.

Kabla ya kutia mkasi, hapana budi lijibiwe swali la mabaki ni ya nani. Kitambaa kilichonunuliwa kwa fedha ya chama, mabaki yake ni ya chama, hata yakiwa madogo namna gani. Kitambaa alicholeta mteja mwenyewe, mabaki yake ni ya mteja. Mazoea ya mafundi wengi ni kuyaweka kimya, nasi hatuoni kuwa mazoea hayo yanafaa kuingia katika ushirika. Mteja aliyeleta kitenge cha yadi sita, akashonewa gauni lililokula yadi nne, ana haki ya kurudishiwa yadi mbili zake pamoja na gauni. Shule ikileta jora lake, neno la mabaki liandikwe katika mkataba kabla kazi haijaanza.

Mabaki ya chama yapimwe kwa mizani kila kazi inapokwisha, na uzito uandikwe. Jambo hili lina faida mbili. Ya kwanza ni ulinzi wa mali. Ya pili ni kwamba gunia la mabaki ni shahidi wa mkataji. Katika viwanda vya nguo duniani, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kiasi cha asilimia 15 ya kitambaa hubaki sakafuni. Kwa kipimo hicho, chama kinachokata kilo 40 za dril kitarajie kilo 6 za mabaki. Zikionekana kilo 10, karatasi za kukatia zimepangwa vibaya juu ya kitambaa, na hasara hiyo haitatibiwa kwa kushona mikoba. Irekebishwe mezani kwa mkataji.

Sasa tuje kwenye uchambuzi, ambao ndio nusu ya kazi. Vipande vitengwe kwa aina ya uzi kwanza, rangi baadaye. Usipojua kitambaa ni cha nini, chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo mbali na vitambaa vingine, uziwashe. Pamba huwaka kama karatasi, harufu yake ni ya karatasi iliyoungua, na huacha jivu jepesi la kijivu. Polista hujikunja, huyeyuka, kisha huacha punje ngumu. Kitambaa cha mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Kishikio cha sufuria kilichoshonwa kwa polista huweza kuyeyuka na kunata kwenye ngozi ya mpishi. Vishikio vyote viwe vya pamba tupu, tabaka nne au tano. Vilevile pamba mpya huruka ifuliwapo, ilhali polista hairuki. Viraka vya aina hizo mbili vikiunganishwa bila kufuliwa, bidhaa itakunjamana mara ya kwanza inapotiwa majini, na mnunuzi hatarudi. Kwa hiyo pamba ifuliwe kwanza kwa maji ya moto, ikaushwe, ipigwe pasi. Nyekundu na buluu nzito zisuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa; zikichuja, zitengwe.

Bidhaa iliyo bora kwa mabaki ya dril na kaki ya sare ni mkoba wa mkono au wa daftari. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni, 2019, watu wamezoea kwenda sokoni na mfuko wao. Hata hivyo tusidanganyike: mifuko mbadala ya kiwandani ni rahisi mno, na hakuna fundi atakayeshindana nayo kwa bei. Mkoba wa chama ushindane kwa nguvu. Sehemu ya chini iwe ya dril tabaka mbili, mikanda ishonwe kwa mraba wenye msalaba ndani yake pale inapoungana na mfuko, na bitana iwe ya kitenge.

Vipande vya pamba vyenye upana wa kiganja au zaidi vinafaa kwa mfarishi wa viraka. Hapa hesabu hutangulia sindano. Kata miraba ya inchi 5, ukiacha akiba ya mshono ya robo inchi kila upande. Kila mraba utabaki inchi 4 na nusu. Mfarishi wa inchi 54 kwa 72, kabla ya kutiwa ukingo, utahitaji miraba 12 kwa 16, yaani 192. Unganisha kwanza miraba iwe mistari, kisha mistari kwa mistari. Jozi zipitishwe katika cherehani mfululizo bila kukata uzi katikati, zitoke kama shanga, ndipo zitenganishwe. Uzi na muda huokolewa. Pasi ipigwe kila mshono unapokamilika, wala isingojewe mwisho.

Kanga kuukuu, kwa kuwa ni laini, hufaa winda za watoto na bitana za mikoba. Angalizo ni moja: jina la kanga likikatwa katikati, usemi uliokuwa wa upole waweza kugeuka matusi mgongoni mwa mnunuzi. Vipande virefu vyembamba visukwe kama nywele na kushonwa mviringo viwe busati la mlangoni. Vidogo kabisa hujaza mito ya kukalia. Ni vizito kuliko sufi, hivyo havifai kwa mto wa kichwa.

Wako wanaosema kwamba kazi ya viraka ni ya umaskini na haiwezi kuwa biashara ya chama. Kwa hao tutaje mfano wa Marekani. Mwaka 1966, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, wanawake Weusi walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee. Mifarishi waliyozoea kushona majumbani kwa nguo kuukuu za kazi iliuzwa mpaka New York. Mwaka 1972 ushirika huo ulipata kandarasi ya kampuni ya Sears ya kushona foronya za kodrai, kitambaa kizito chenye mistari iliyonyanyuka. Kandarasi ilileta mshahara. Masalio ya kodrai yalikwenda majumbani, na wanawake wa Gee's Bend na jirani zake wakayashona mifarishi ambayo baadaye ilitundikwa katika majumba ya sanaa. Tunalotaka makatibu walione ni mpango wa kazi: kandarasi ilitangulia, mabaki yakafuata. Chama kisicho na kazi ya kudumu hakitakuwa na mabaki ya kudumu.

Mwisho ni bei, na hapa ndipo vyama huumia. Kitambaa ni cha bure, saa za fundi si za bure. Tuchukue mfano. Fundi hulipwa shilingi 6,000 kwa sare moja inayochukua saa 2, yaani shilingi 3,000 kwa saa. Mkoba wa viraka ukimchukua saa 3, kazi yake ni shilingi 9,000. Ongeza uzi na zipu shilingi 1,500, na thamani ya mabaki shilingi 500. Jumla ni 11,000. Ukiuzwa 8,000, chama kimepoteza 3,000 huku wote wakishangilia. Kwa hiyo kazi hii isifanywe Desemba na Januari, wakati sare zinapodaiwa. Ifanywe miezi ambayo cherehani husimama, na iwe ya bidhaa mbili au tatu ambazo mafundi wamezizoea na kuzipunguzia saa.

Katibu afungue ukurasa wa mabaki katika daftari la stoo, wenye safu za tarehe, kazi yalikotoka, kilo zilizoingia, kilo zilizotolewa kwa fundi na bidhaa zilizorudi. Fundi atakayetaka kipande kwa matumizi ya nyumbani akinunue kwa bei ya kilo iliyopitishwa na mkutano, na apewe stakabadhi.