Ilomba hadi Bagamoyo: Safari ya Wawili na Barua Moja

Wapenzi wa tamthilia walioitazama Siri ya Mtungi ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2012 bila shaka wanamkumbuka Cheche, yule kijana mpiga picha mwenye studio yake na mambo chungu nzima yasiyosemwa nyumbani. Mimi na mume wangu tuliitazama tukiwa bado wachumba. Mwaka huu tukapata likizo pamoja, tukasema basi, twende Bagamoyo tukaione mitaa ile kwa macho yetu.

Tuliondoka Ilomba alfajiri, chupa ya chai miguuni, na ndani ya pochi yangu barua ya uhamisho wa Dar niliyoipokea wiki mbili nyuma. Mwenzangu hakuijua. Ana duka la vipuri Mwanjelwa, na mimi niliogopa kuuliza nani atamfuata nani.

Ndugu msomaji, njia hii usiikimbie. Pale Makambako, inapochepuka njia ya Njombe na Songea, tulikunywa supu ya moto. Kabla hujaingia Iringa kuna Isimila, bonde la zana za mawe za watu wa kale na nguzo ndefu zilizochongwa na maji. Tukapigana picha weee! Usiku tukalala Iringa mjini.

Kesho yake, baada ya nyanya za Ilula, ikaja Kitonga. Ukishuka mlima ule nyuma ya lori la mizigo huna pa kukimbilia. Gia ndogo, kona, mwamba huku, korongo kule. Hapo ndipo nikajikaza.

"Mume wangu, nimehamishiwa Dar."

Hakugeuka (nashukuru, maana kona ilikuwa mbele yetu).

"Tangu lini?"

Swali hilo liliniuma kuliko yote niliyokuwa nimejiandaa nayo.

Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu. Alibishana bei na muuzaji kwa hasira ambayo mimi nilijua si ya vitunguu. Kimya kikaendelea hadi Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi na ukigonga mnyama unalipa faini. Tembo wakawa wanavuka, nasi tukasubiri. Mwishowe akacheka kidogo: "Yaani na sisi tuna mtungi wetu."

Kuanzia hapo tuliongea bila kupumzika: duka, ada ya mtoto, kodi ya nyumba Dar. Morogoro sikuiona kabisa! Chalinze tukashika njia ya Msata, kisha kulia, Bagamoyo.

Studio ya Cheche hatukuiona na kibao chochote. Tulichokuta ni nyumba kongwe za mawe, milango ya nakshi, na wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, wakipiga ngoma jioni. Sokoni tukanunua pweza. Hapo ndipo akaomba barua, akaisoma mara mbili, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye mfuko wa shati lake.

Tumekubaliana nitangulie mimi kwa miezi sita, mtoto amalize muhula Mbeya na baba yake. Duka linabaki. Baada ya hapo, bado tunabishana.