Pete ya uchumba: angalia jiwe kwanza, PIN baadaye

Mara ya mwisho tulipopanda Makwasinyi tulikuwa na shughuli zetu za kawaida: kukaa na mawakala, kujibu maswali ya kina mama wa chama, na kurudia kwa mara ya mia moja kwamba hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN. Ukishakata kona Maungu kutoka barabara kuu ya Mombasa, ni vumbi jekundu na ranchi kushoto kulia, mpaka mlima Kasigau unakusimamia mbele.

Kikao kilipoisha, kijana mmoja wa bodaboda akabaki nyuma. Alijifanya anafuta pikipiki mpaka mama wa mwisho akaondoka na kikapu chake. Ndipo akatuletea simu. Kulikuwa na picha ya pete inayong'aa sana, maneno "almasi halisi, karati moja, Sh36,000, nusu sasa nusu ikifika", na chini yake meseji yetu wenyewe ikithibitisha kwamba ametuma Sh18,000 kwa namba ya mtu binafsi.

"Mnaweza kunirudishia?"

Siku tisa zilikuwa zimepita. Pesa ilishatolewa, na huyo muuzaji alishamblock. Tulimwambia ukweli, kwa sababu kumpa matumaini ya uongo ingekuwa kumwibia mara ya pili: hatuwezi. Ukituma kimakosa au ukashtuka mapema, tupigie simu hapo hapo, maana pesa ikiwa bado imekaa kwenye akaunti ya aliyepokea kuna kitu tunaweza kujaribu. Ikishatolewa, kinachobaki ni kupiga ripoti polisi, upewe namba ya OB, na polisi ndio watakaotuomba rekodi. Alienda. Hadi leo hajapata kitu.

Sh18,000 kwa mtu wa boda si pesa ya mchezo. Ilikuwa akiba ya kutoka Januari. Ametukubalia tusimulie kisa chake kwa sharti moja, jina lisitoke, kwa sababu mchumba mwenyewe bado hajui kuna pete inayotafutwa. Swali lake la pili ndilo lililotufanya tuandike makala haya: "Sasa boss, ningejuaje?"

Bei yenyewe ilikuwa inaongea

Tuanze na neno "karati", kwa sababu wauzaji wengi huponea hapo. Karati ya jiwe ni uzito: karati moja ni gramu 0.2. Karati ya dhahabu ni kitu kingine kabisa, ni usafi wake. Dhahabu tupu ni karati 24, kwa hivyo ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu na 6 za madini mengine. Ndani ya pete utakuta muhuri mdogo: 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Ukiona 925, hiyo ni fedha, hata ikipakwa rangi ya dhahabu ikang'aa namna gani. Mtu akikuambia tu "pete ya karati 18", hajakuambia chochote kuhusu jiwe.

Almasi hupimwa kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi wa ndani na ukataji. Rangi hupewa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, kushuka hadi Z yenye umanjano. Ukitaka maoni yetu, ukataji ndio wa kulipia, maana ndio unaofanya jiwe limetemete. Jiwe dogo lililokatwa vizuri hushinda kubwa lililokatwa ovyo. Pia bei huruka ghafla kwenye namba kamili. Jiwe la karati 0.9 huwa na bei ya chini kuliko la karati moja, na ukiliweka kidoleni hakuna shangazi atakayeona tofauti.

Sasa ile Sh36,000. Almasi ya ardhini ya karati moja, ya kuvutia, haiuzwi bei hiyo pamoja na pete yake. Haiwezekani. Lakini kuna mawe mawili yanayofanana nayo, na si dhambi kununua mojawapo ukiwa unajua. La kwanza ni almasi ya maabara. Hiyo ni almasi kweli, kaboni ile ile na ugumu ule ule, ila imetengenezwa kiwandani, na bei yake imeshuka sana miaka hii ya karibuni. La pili ni moisanaiti, ambalo si almasi kabisa, ingawa ni gumu na linang'aa kupita kiasi. Kile kikalamu cha kupima joto ambacho wauzaji hupenda kukuonyesha kikilia "pii" mara nyingi hudanganywa na moisanaiti. Kwa hivyo mlio si ushahidi.

Ushahidi ni cheti cha maabara inayojulikana, kama GIA, chenye namba ambayo wewe mwenyewe unaiingiza kwenye tovuti ya maabara hiyo na kuona vipimo vya jiwe lako. Mara nyingi namba hiyo huchorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, ndogo kiasi kwamba unaisoma kwa kioo cha kukuzia. Muuzaji wa kweli atakuazima kioo. Wa yule kijana alipoulizwa cheti alijibu, "Bro, unaniamini ama huniamini?"

Na ukisikia almasi imechimbwa Voi, funga simu. Kenya haina mgodi wa almasi. Jirani zetu Tanzania wanao, Mwadui kule Shinyanga, ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940. Ndiko lilikotoka jiwe la waridi la karati 54.5 mwaka 1947, ambalo Williamson alimpa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipoolewa.

Nani alisema lazima iwe almasi?

Tulimuuliza kijana kwa nini almasi. Akacheka. "Si ndiyo inatakikana? Na iwe mshahara wa miezi miwili." Alikuwa ameiona TikTok.

Hiyo "sheria" ya miezi miwili haikutoka kwa wazee wa Kasigau, wala kwa wazee wa mahali popote. Ilienezwa na matangazo ya De Beers, kampuni ya almasi, miaka ya 1980. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuja na ule msemo wa almasi kudumu milele, mwaka 1947. Sisi tumesomea marketing na tunawavulia kofia, lakini tangazo ni tangazo. Mahari yako unajadiliana na watu wenye majina na viti vya kukalia. Miezi miwili ya mshahara hakuna uliyejadiliana naye.

Hata kwa wafalme, almasi si lazima. Prince William alimposa Kate hapa hapa Kenya, Oktoba 2010, na jiwe kubwa la pete ile, iliyokuwa ya mama yake Diana, ni yakuti ya bluu.

Kisha tukamwuliza swali lililomnyamazisha: umewahi kuona tsavoraiti iliyokatwa? Hakuwahi. Anabeba wachimbaji kwenye pikipiki, anajua nani ana shimo na nani amefilisika, lakini jiwe lenyewe hajawahi kuliona likiwa tayari. Linatoka likiwa ghafi kwa madalali, linakatwa mbali, na huko mbali ndiko linakovaliwa.

Tsavoraiti ni jiwe la kijani la familia ya garneti. Mwanajiolojia Campbell Bridges alilipata Tanzania mwaka 1967, kisha akaifuata miamba ile ile hadi akalipata Taita Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ikaanza kulitangaza kwa jina lililotokana na Tsavo yetu. Historia yake si tamu yote. Bridges aliuawa huku kwetu Agosti 2009, kwenye mgogoro wa machimbo. Ni jiwe adimu kuliko almasi, hasa likizidi karati mbili, na kwa kawaida haliunguzwi wala kutiwa dawa kuongeza rangi kama mawe mengi ya kijani na mekundu yanavyofanyiwa.

Lina udhaifu, na muuzaji anayekuficha udhaifu si wa kununua kwake. Kwenye kipimo cha ugumu almasi ni 10, yakuti 9, tsavoraiti kama 7 hivi. Mchanga wa kwarzi, uliomo kwenye vumbi letu, nao ni 7. Maana yake ni kwamba mtu anayelima, anayesuka vikapu, anayeshika pikipiki kila siku, jiwe litachubuka polepole. Mwambie sonara asilisimamishe kwa makucha manne juu juu, alizungushie fedha au dhahabu pembeni kama ukingo wa sahani. Wakati wa shamba, ivuliwe. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, si maji yanayochemka, maana garneti haipendi joto la ghafla.

Onyo moja la huku nyumbani. Usinunue jiwe ghafi kutoka mfukoni mwa mtu kando ya barabara, hata akiwa binamu yako. Kwanza, Sheria ya Madini ya 2016 inataka anayefanya biashara ya madini awe na leseni. Pili, chupa ya kijani iliyovunjika, ikisuguliwa kidogo, imeshawapata watu wenye akili kuliko sisi. Voi kuna kituo cha vito kilichojengwa na serikali ili wachimbaji wapate mahali pa kupimiwa, kukatiwa na kuuzia mawe. Piga simu kwanza ujue ni huduma gani ziko siku hiyo, au nenda kwa muuzaji mwenye leseni ukutani. Omba jiwe lililokatwa, risiti yenye jina la jiwe, uzito wake, na maneno "asilia" au "ya maabara". Asipotaka kuandika, umepata jibu.

Sasa pesa

Hapa ndipo tunapojua kidogo zaidi.

Lipa kwa till au paybill ya biashara, si kwa namba ya mtu. Kabla malipo hayajakamilika, simu hukuonyesha jina la unayemlipa. Lisome. Likiwa tofauti na lililo kwenye bango na risiti, ghairi, hata foleni nyuma yako ikiguna. "Till yetu ina shida leo, tuma kwa hii ya mke wangu" ni sentensi tuliyoisikia kwenye malalamiko mengi mno.

Dipositi inakubalika pale sonara anapokutengenezea pete kutoka mwanzo, kwa sababu naye ananunua fedha au dhahabu. Ila itolewe baada ya kuliona jiwe kwa macho, iwe ndogo kuliko salio, na risiti iseme pete ni ya namna gani, itakuwa tayari lini, na pesa inarudi vipi isipokuwa tayari. Hizo meseji za malipo usizifute. Yule kijana angalau alikuwa na yake, na polisi waliitaka.

Kwa wenye bajeti kubwa: malipo kwa simu yana kikomo cha Sh250,000 kwa mara moja na Sh500,000 kwa siku. Muuzaji akikuomba uyagawanye kwa namba tatu tofauti za watu, rudi uongee na benki.

Na mkopo wa simu kwa ajili ya pete? Sisi pia tunatoa mikopo, kwa hivyo wakubwa wetu wasome aya hii wakiwa wamekaa. Usichukue. Mkopo wa mwezi mmoja ni wa stoki itakayouzwa mwezi huo. Pete haiuzwi, na ukijaribu kuiuza utashangaa inavyorudi nusu bei. Fungua akiba iliyofungwa, iite jina ambalo mchumba akishika simu halitamshtua. Kijana wetu aliita ya kwake "tairi ya nyuma".

Tairi ya nyuma ilimchukua miezi mitano. Saizi aliipima kwa uzi wa katani alioutoa kwenye vikapu vya dadake, akamzungushia mchumba kidoleni kama mchezo. Mara ya kwanza alipima mchana wa jua kali, vidole vikiwa vimevimba. Tulimshauri arudie jioni kukiwa na baridi, na tofauti ilionekana kwenye uzi wenyewe. Alichagua tsavoraiti ndogo, chini ya nusu karati, kwenye fedha ya 925, imezungushiwa ukingo. Alilipa dipositi ya robo. Salio alililipa siku ya kuchukua, amesimama dirishani Voi, jiwe mkononi, akisoma jina la till kwa sauti mpaka sonara akaanza kucheka.

Posa ni Desemba. Ukitukuta Makwasinyi kabla ya hapo, tafadhali usituulize ni nani.